Vibao Sita vya Kifudifudi

Jumanne ile, tarehe kumi ya mwezi wa Rajabu, Twalha aliswali alfajiri msikitini, akarudi nyumbani, akanywa chai ya rangi kikombe kimoja na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kisha akamwambia mkewe, "Raya, kichwa hiki kama kimejazwa saruji. Nalala kidogo. Saa tatu niamshe, nina vibao vya kubandika."

Raya alimfunika shuka, akatoka uani kuosha vyombo. Saa tatu alimwita kutoka mlangoni. Akamwita tena akiwa karibu na kitanda. Mara ya tatu hakumwita, alimshika mguu.

Kufika adhuhuri nyumba ilikuwa imejaa hadi barazani, na baada ya alasiri wanaume walimchukua wakaenda kumzika. Wanawake wakabaki na Raya chumbani, huyu akimshika bega, yule akimsomea. Bi Biubwa, mama aliyemzaa Twalha, ndiye peke yake aliyekuwa amesimama. Alifungua sanduku la mkaza mwanawe, akatoa khanga tatu. Moja akafunika kioo cha kabati, moja kile cha sebuleni, na moja akaitundika juu ya kioo kidogo cha bafuni.

"Mjane wa eda hajitazami," alisema, hakumwelekea mtu. "Ndivyo alivyokaa mama yangu, na ndivyo nilivyokaa mimi."

Katika nyumba nyingine kazi hiyo ingeishia hapo. Katika nyumba ile ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, kwa maana Twalha alikuwa fundi wa nakshi za vioo, na ua wote ulikuwa karakana. Kulikuwa na ndoo kumi na moja zilizojaa vipande vya vioo vilivyokatwa tayari, pembetatu ndoo yake, almasi ndoo yake, mikia ya nyota ndoo yake. Kulikuwa na vioo vizima vimeegemezwa ukutani, na vigae vya kioo juu ya meza, juu ya dirisha, hata ndani ya beseni la kufulia. Khanga za sandukuni ziliisha. Bi Biubwa akaazima mikeka kwa jirani, akafunika, akafunika, mpaka ua ukawa kama duka lililofungwa.

Twalha hakuanzia kwenye nakshi. Alianzia Kariakoo, katika duka la fremu, ambako kazi yake ilikuwa kukata vioo vya kabati na kufagia vilivyovunjika. Ni hivyo vilivyovunjika vilivyompendeza. Aliporudi Bagamoyo alikuja na gunia zima la vigae, watu wakamcheka kwamba amekwenda Dar miaka sita akarudi na takataka. Akawa anakwenda Kaole kutazama makaburi ya kale, yale yenye mashimo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kichina, akirudi anasema, "Unaona, Raya? Hata wale wa kale walitaka jiwe liwe na mahali pa kung'aa." Na alikuwa na msemo wake mwingine, ambao Raya aliusikia kila mteja mpya alipoketi barazani: kioo kizima kinaonyesha mtu mmoja, kikivunjika kinaonyesha mtaa mzima.

Lakini kuchora hakukuwa kwake. Twalha alikuwa na mkono wa kukata tu. Mchoraji alikuwa Raya. Alimaliza kidato cha nne, na kitu kimoja tu alichobaki nacho cha shule kilikuwa mkebe wa hesabu wenye bikari na rula. Kwa bikari ile alikuwa anaweza kukaa asubuhi nzima juu ya mkeka, duara juu ya duara, mpaka katikati ya maduara ikatokea nyota ya pembe nane, na ile nyota ikazaa nyingine ubavuni, na nyingine, bila mwanzo wala mwisho, kama zile nakshi za misikiti ya mbali walizokuwa wakiziona kwenye simu. Yeye alichora, mumewe akakata na kubandika. Watu walisema "kazi ya Twalha", na Raya hakuwahi kuona ubaya wake. Mchuzi huitwa wa samaki, hakuna anayetaja nazi.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ile aliyoiacha nusu. Bi Mwanaharusi, mama mmoja mwenye mabanda ya biashara na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alikuwa amejenga ukumbi wa harusi kwenye njia ya kwenda Kaole. Alitaka ukuta wa nyuma ya kiti cha bibi harusi uwe wa vioo. Raya alimchorea nakshi ambayo nyumbani waliiita pangaboi, kwa sababu kila nyota mikono yake imepinda upande mmoja, na ukiitazama kwa muda unaona kama inazunguka, kama feni ya darini. Ukuta uligawanywa vibao kumi na viwili vya mita moja moja, sita kulia na sita kushoto. Twalha alikuwa amekwisha kubandika sita vya kushoto.

Mwanzoni mwa Shaabani Bi Mwanaharusi alikuja kutoa mkono wa pole kwa mara ya pili. Alilia kweli, akafuta pua kwa ncha ya mtandio, kisha akasema lililomleta.

"Mwanangu Raya, nisamehe, najua bado umo matangani. Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya Idi nina harusi. Wameshachukua ukumbi. Na ukuta ule ulivyo ni kama mdomo wenye meno upande mmoja."

"Nakusikia, mama."

"Nimezungumza na mafundi wa marumaru. Zipo za dukani zina maua, si mbaya. Watabandua vile sita, wasawazishe, waweke zao. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia sokoni."

Raya alikuwa ameketi juu ya mkeka na nguo yake ya eda, mikono mapajani. Tangu Jumanne ile alikuwa hajasikia kitu chochote kikamwingia. Watu walisema maneno, yakapita. Hili likaingia. Aliiona patasi ikiingia chini ya vile vibao sita, vigae vikimwagika sakafuni, mtu akiviokota kwa koleo la mchanga. Twalha alikuwa na kazi nyingine mjini, fremu hapa, meza pale. Lakini ukuta ulikuwa mmoja tu.

"Usivibandue," alisema. "Tutamaliza."

"Nani atamaliza?"

"Sisi."

Bi Biubwa, aliyekuwa pembeni akichambua mchele, alikohoa. Bi Mwanaharusi akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nawapa mpaka kumi la mwisho la Ramadhani," alisema. "Sina moyo wa jiwe. Ila sina na siku nyingine."

Alipoondoka, Bi Biubwa aliweka ungo chini.

"Sisi ndio nani? Mimi na paka?"

"Mama, mchoro upo. Vipande alishakata. Kilichobaki ni kupanga."

"Kupanga vioo."

"Ndiyo."

"Na wewe umo edani."

Dija, mdogo wake Twalha, alipokuja alasiri akakuta wawili wamenyamaziana, akajitwisha kwenda kuuliza kwa ustadhi. Akarudi na jibu: mjane asitoke bila haja, asijipambe, asijitie manukato wala wanja, lakini kufanya kazi ya mikono ndani ya nyumba yake hakuna ubaya. Na habari ya kioo, ustadhi amesema hiyo ni mila, haimo kitabuni.

"Ustadhi kasema ya kitabuni, wala simkatai," Bi Biubwa alijibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini aliyekufa ni mwanangu. Na kioo ndicho alichoshinda nacho. Mkaza mwanangu, siku nitakayokuona umeinamia kioo na uso wako umo ndani, moyo wangu utaniambia umekwisha kumlilia. Nitajua si kweli. Lakini utaniambia."

Raya angeweza kushinda kwa hoja, jibu la ustadhi alikuwa nalo. Lakini kumshinda mama aliyefiwa ni ushindi gani? Alikaa siku mbili akiwa amelala chali sebuleni, mikeka ya uani ikimwita na yeye asiitike. Na kwa kuwa alikuwa amelala chali, alichokuwa akikitazama ni dari.

Katikati ya dari palikuwa na ua la jipsamu, zawadi ya Mikdad. Mikdad alikuwa fundi wa dari za jipsamu na rafiki wa Twalha tangu madrasa, naye ndiye aliyekuwa akimsaidia kupandisha vibao ukutani. Raya alikumbuka siku lilipotengenezwa lile ua. Mikdad alikuja na kalibu, akamimina ujiuji wa jipsamu, akatandika nyuzi za katani, akasubiri. Kazi nzima ilikuwa inalala uso chini. Kilichoonekana ni mgongo tu, mpaka dakika ya kupindua.

Aliinuka akakaa.

"Mama! Kioo kikilala kifudifudi, bado ni kioo?"

Bi Biubwa alikuwa jikoni. Kijiko kiligonga sufuria mara mbili tatu.

"Kikilala kifudifudi," akajibu, "hicho ni kigae."

"Basi mimi nitapanga vigae."

"Na nani atakayekifudikiza, usikione?"

"Wewe."

Kijiko kikanyamaza.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Raya alichora pangaboi upya juu ya karatasi ya kaki, mita moja kwa mita moja, kwa penseli. Alipika uji mwembamba wa unga wa ngano, akaupaka juu ya mchoro, sehemu ndogo ndogo usije ukakauka. Bi Biubwa aliketi kwenye kigoda ubavuni mwake, glavu za mpira mikononi na ndoo miguuni. Raya alitaja umbo, mama mkwe akalitafuta, akalifudikiza na kumpa likiwa limelala mgongo juu, ule mgongo wa kijivu usioonyesha mtu wala kitu. Raya akaupokea na kuulaza juu ya uji, uso wake umegusana na karatasi. Kibao kikijaa, walimpigia Mikdad. Raya akaingia ndani akashusha pazia. Mikdad akazungushia mbao pembeni, akamimina jipsamu na katani juu ya migongo ya vioo, na kesho yake akakipeleka ukumbini kwa guta. Karatasi ilibaki usoni, kukikinga kioo kisikwaruzwe. Walikubaliana ataitoa mwishoni, vibao vyote sita vikiwa ukutani, kwa maji na sifongo.

"Almasi," Raya alisema.

"Hii."

"Hiyo ni mkia wa nyota, mama."

"Kwangu mimi zote zimechongoka. Haya, shika."

Siku za mwanzo Bi Biubwa aliifanya kazi ile kama mtu anayepepeta choroko. Ujanani alikuwa mpakaji hina, mabibi harusi wa mji mkongwe walipita mikononi mwake, na vidole vyake bado vilikuwa vyepesi. Dija alipopita na mboga alisimama mlangoni akawacheka.

"Makubwa! Nyumba hii siku hizi hata vioo vinaswali. Vyote vimesujudu!"

"Na wewe njoo usujudu hapa, kuna ndoo ya kunyanyua," mama yake akamjibu.

"Mimi? Kucha zangu hizi, wifi, nazitunzia Idi."

"Kucha zako hizo ndizo zilizokukosesha waume wawili."

Raya akacheka. Ilimtoka kabla hajajua, ikamshtua, akafunga mdomo. Wote watatu wakatazama chini, kama watu waliosikia hodi.

Ilikuwa kwenye kibao cha tatu, Ramadhani imekwisha kuingia, asubuhi, funga haijawa nzito. Raya alitaja pembetatu, asipokee kitu. Akangoja. Alipogeuka alimwona mama mkwe wake ameshika kigae kwa vidole viwili, amekisogeza karibu na uso.

"Vipi, mama?"

"Jicho."

"La nani?"

"Langu. Limo humu lote, na unyusi." Akalipeleka kulia kidogo, akalirudisha. "Miaka yote watu wananiambia Twalha kachukua macho yangu, mimi nasema mbona siyaoni. Kumbe nilikuwa nayatafuta kwenye kioo kikubwa. Humu hakuna pua, hakuna mikunjo. Jicho tu. Lake hili."

Bi Biubwa alilitazama mpaka alipotosheka, kisha akalifudikiza taratibu na kumkabidhi, naye Raya akalilaza mahali pake na kulikandamiza kwa kidole gumba. Tangu siku hiyo kazi ilikwenda polepole zaidi, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Kibao cha sita kilitoka uani tarehe kumi na nane. Tarehe ishirini, saa nne asubuhi, Mikdad alipiga simu. Alisalimia, akaulizia afya, akamuulizia mama, akasalimia tena. Raya akajua pana jambo.

"Sema, shemeji."

"Nimetoa karatasi, shemeji. Vioo vimekaa vizuri, hakuna hata kimoja kilichoanguka. Nimebadilisha kimoja tu kilichokuwa kimeonyesha mgongo."

"Ila?"

"Ila pangaboi za Twalha zinakwenda kulia. Zako zinakwenda kushoto."

Raya hakuhitaji kuelezwa mara ya pili, aliona kosa zima kwa mara moja, kama mtu anayeona tundu la mkeka baada ya mwanga kuingia. Alikuwa amechora nakshi ile kama alivyoichora sikuzote kwa mumewe, na Twalha alibandika vioo vyake vikimtazama. Hivi vya kwake vililala kifudifudi. Kitu kilicholala kifudifudi ukikigeuza, kulia kwake huwa kushoto, kama muhuri unavyotoka kinyume kwenye karatasi. Ingekuwa nyota ya kawaida hakuna ambaye angejua, maana nyota ya kawaida haina mwelekeo. Lakini pangaboi inazunguka.

"Mimi ndiye wa kulaumiwa," Mikdad alikuwa akisema. "Miaka kumi na mitano namimina jipsamu, kila kitu kinatoka kinyume, na sikulifikiria hili. Mwenye ukumbi alikuwepo. Kasema mabibi harusi watapata kizunguzungu. Shemeji, kawapigia mafundi wa marumaru. Wanakuja kesho kutwa."

"Unaposimama hapo, unaona nini?"

"Nimesimama mlangoni, ubavuni. Naona fujo, shemeji, nisikudanganye."

Angekuwa hayumo edani angejitanda baibui akakimbia mwenyewe. Hakuweza. Alichokuwa nacho ni mkebe, karatasi na meza. Alichora nyota mbili za pangaboi kama zilivyo kwenye mwisho wa ukuta wa Twalha, pale ulipoanzia wa kwake. Alikunja karatasi kwenye mstari ule, akachukua sindano, akatoboa kila pembe ya nakshi, matundu yakapenya upande wa pili. Akakunjua, akaunganisha matundu kwa rula. Mstari mmoja ikabidi aufute.

Mistari ilikutana. Kila mkono wa nyota uliofika kwenye mkunjo kutoka kushoto ulimkuta mwenzake wa kulia palepale, ncha kwa ncha. Haikufanana, lakini ilitazamana.

Alimwita Bi Biubwa. Mama mkwe alikuja, akaiinamia ile karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza tena karibu.

"Kwani kosa liko wapi?" akauliza.

"Hizi zinakwenda huku, hizi huku."

"Naona. Ndiyo nakuuliza, kosa liko wapi?"

Baada ya alasiri Bi Mwanaharusi akaja mwenyewe. Hata hakuketi.

"Bi Biubwa, shikamoo. Raya mwanangu, mmejitahidi, Mungu shahidi. Lakini kazi ile siwezi kuipokea. Upande huu unakwenda Dar, upande huu unakwenda Tanga! Watu watasema nimepofuka."

"Marahaba," alisema Bi Biubwa. "Lete mikono."

"Mikono gani?"

"Yako. Unayo mingine?"

Bi Mwanaharusi akaitoa, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Hina yake ilikuwa ya tangu Shaabani, imebaki rangi ya chai. Bi Biubwa akaishika vifundo vya mikono, akaigeuza migongo juu, akaipeleka dirishani penye mwanga.

"Nani amekupaka?"

"Binti mmoja wa kule Dunda."

"Anajua kazi. Mkono huu wa kulia, hili jani limeelekea wapi?"

"Kwenye kidole gumba."

"Na huu wa kushoto?"

"Kidole gumba vilevile."

"Kwa hiyo moja limekwenda kushoto, moja limekwenda kulia. Umepofuka? Binti kakosea?" Akaisogeza ile mikono mpaka ikagusana ubavu kwa ubavu. "Mimi nimepaka maharusi miaka thelathini. Ukimpaka mkono wa kushoto sawasawa na wa kulia, jani linakwenda upande mmoja, siku ya kuvikwa pete anaonekana ana mikono miwili ya kulia. Tulimfukuza mpakaji mmoja kwa kosa hilo. Ukuta wako ni mikono ya bibi harusi. Ulitaka wa kulia miwili?"

Bi Mwanaharusi aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Raya akamsogezea ile karatasi yenye mkunjo.

"Ulisimama wapi, mama, ulipoutazama?" aliuliza.

"Mlangoni, na Mikdad."

"Bibi harusi hataketi mlangoni. Nenda uketi pale kitakapokuwa kiti chake, katikati kabisa, uelekee ukuta. Kisha uende mwisho wa ukumbi, katikati vilevile, uutazame kama mgeni. Ukiona bado ni fujo, waite wa marumaru. Sitakuja kukuuliza."

Alisema hivyo, lakini mgeni alipoondoka akaketi palepale chini. Bi Biubwa alikwenda kupika futari kama siku zote. Tambi zikaungua kidogo upande mmoja. Adhana ikalia, wakafungua kwa tende na maji, wakaswali, na simu ilikuwa katikati ya mkeka, kati ya bakuli la uji na sahani ya tambi. Ilipolia, hakuna aliyetaka kuishika. Hatimaye Bi Biubwa akaiweka sikioni.

"Ehee," alisema. "Ehee. Nakusikia." Kisha, "Hapana, huyo Mikdad mwambie asiguse kitu."

Akaikata.

"Kasemaje?" Raya aliuliza.

"Kasema amekaa pale mpaka magharibi ikamkuta, kafungulia maji ya bomba." Akachota tambi. "Anauliza kama na nguzo za mlangoni unaweza kuzitia vioo."

Raya alitoka eda tarehe ishirini Mfunguo Pili, siku ya Alhamisi. Dija alikuja asubuhi na ndoo ya maji yenye majani ya mrehani, na maneno yake yasiyokwisha. Bi Biubwa akapita chumba kwa chumba akikusanya zile khanga tatu, kisha akatoka uani kuikunja mikeka ya jirani, akairudisha mwenyewe. Mchana wakachukua bajaji, wanawake watatu, mpaka ukumbini. Harusi nne zilikuwa zimekwisha kupita pale. Siku hiyo ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa kwa kupandana, mfagiaji mmoja akisukuma karatasi za pipi.

Raya hakwenda katikati kwanza. Alikwenda upande wa kushoto, akapita mbele ya vibao vya Twalha polepole, kimoja baada ya kingine. Aliijua mikato ile. Twalha alikuwa na tabia ya kukwangua ncha za almasi zisimchome mtu, na ncha zote zilikuwa zimekwanguliwa. Ndipo akaingia upande wa kwake, ambao hakuwahi kuuona uso. Akajiona. Kidevu kimoja, nusu ya shavu, jicho, jicho, kitambaa cha kichwani mara ishirini. Amekonda. Kwenye paji la uso kulikuwa na mstari ambao hakuujua. Alisimama nao kwa muda, akaugusa, akauzoea.

Nyuma yake kelele zikazuka. Bi Biubwa alikuwa amepanda jukwaani na kuketi kwenye kiti cha bibi harusi, mkoba mapajani.

"Mama, shuka!" Dija alipiga kelele. "Utatuletea baba wa kambo!"

"Akija na guta la kubebea jipsamu, namchukua," alisema Bi Biubwa. Kisha akageuza shingo kuutazama ukuta, akabaki anautazama.

Hayo ni ya mwaka juzi. Sasa Raya anakata vioo mwenyewe, kwa almasi ya Twalha, ile kalamu yake ya kukatia, na ameanza kuzikwangua ncha. Vibao bado anavipanga kifudifudi, kwa kuwa vinatoka vikiwa tambarare zaidi, na mchoro anaupindua kabla ya kuupaka uji. Mama mkwe anakaa kwenye kigoda na ndoo yake. Wiki hii wana vibao vitatu vya sebule ya mwalimu mmoja wa Mkange, na Mikdad atavichukua Alhamisi.